Kuhamisha mipangilio yako ya terminali kwa Git na Stow

Diski ya laptopu yangu ilipokufa, kodi zote za programu zangu zilikuwa salama kwenye seva. Kilichopotea ni vitu vidogo: vifupisho vya amri nilivyovikusanya kwa miaka, mipangilio ya Vim (kihariri cha maandishi), rangi za terminali (dirisha la kuandikia amri). Karibu wiki nzima vidole vyangu viliandika amri ambazo kompyuta mpya haikuzijua. Siku hizi mipangilio yangu yote inakaa kwenye folda moja chini ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, na Stow, programu ndogo ya kutengeneza viungo, ndiyo inayoifikisha kila faili mahali pake.

Kwenye Linux na macOS, mipangilio mingi hukaa kwenye faili ambazo majina yake huanza na nukta, kama `.bashrc`, `.vimrc` na `.gitconfig`. Nukta hiyo huzificha, kwa hiyo tumia `ls -a` kuziona.

Hatua ya 1: Sakinisha

Debian na Ubuntu: `sudo apt install git stow`. Mac yenye Homebrew (kisakinishi cha programu): `brew install git stow`.

Hatua ya 2: Hamishia faili kwenye folda moja

```
mkdir -p ~/mipangilio/bash ~/mipangilio/vim ~/mipangilio/git
mv ~/.bashrc ~/mipangilio/bash/
mv ~/.vimrc ~/mipangilio/vim/
mv ~/.gitconfig ~/mipangilio/git/
```

Kila folda ndogo iige mpangilio wa folda yako ya nyumbani. Faili ya Neovim, kwa mfano, itakaa `nvim/.config/nvim/init.lua`.

Hatua ya 3: Unganisha

```
cd ~/mipangilio
stow -n -v bash vim git
```

`-n` ni jaribio tu: Stow inaonyesha itakachofanya bila kugusa kitu. Ukiridhika, rudia amri bila `-n`. Sasa `~/.bashrc` ni kiungo kinachoelekeza kwenye faili halisi iliyo ndani ya `~/mipangilio`.

Stow ikikuta faili ya kawaida yenye jina hilo tayari, inakataa kuendelea. Kompyuta mpya mara nyingi huja na `.bashrc` yake, basi ibadilishe jina kwanza: `mv ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani`. Utaona watu wakipendekeza `--adopt`. Jihadhari nayo, kwa sababu huchukua faili ya kompyuta hiyo na kuiweka juu ya yako.

Mtego mwingine ulionisumbua sana: kama `~/.config` haipo, Stow huunganisha folda hiyo nzima, na kila programu utakayosakinisha baadaye itaandika vitu vyake ndani ya folda yako ya Git. Tengeneza `~/.config` kwanza, au ongeza `--no-folding`.

Hatua ya 4: Tenga cha kompyuta moja na cha siri

Hatua hii usiiruke. Barua pepe ya kazini haifai kwenye kompyuta ya nyumbani. Mwishoni mwa `.gitconfig` weka:

```
[include]
    path = ~/.gitconfig.local
```

na mwishoni mwa `.bashrc`:

```
if [ -f ~/.bashrc.local ]; then . ~/.bashrc.local; fi
```

Faili hizo za `.local` zibaki nje ya `~/mipangilio`, kila kompyuta na zake. Zisipokuwepo, Git na Bash huendelea bila kulalamika.

Funguo za siri za SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva), nywila na tokeni (misimbo ya siri ya kuingilia huduma) zisiingie kwenye Git kamwe, hata kama repo, yaani folda inayotunzwa na Git, ni ya faragha. Git hutunza historia, kwa hiyo ukiifuta tokeni leo, bado inasomeka kwenye komiti (toleo lililohifadhiwa) ya jana. Ikishavuja, ibatilishe kwanza kule ilikotolewa, kisha ndipo usafishe repo.

Hatua ya 5: Peleka kwenye seva

Ndani ya `~/mipangilio`, ukiwa umeshafungua repo tupu kwenye seva:

```
git init
git add .
git commit -m "Mipangilio ya mwanzo"
git remote add origin ANWANI_YA_REPO
git push -u origin HEAD
```

Kwenye kompyuta mpya, tengeneza ufunguo mpya kwa `ssh-keygen -t ed25519` badala ya kunakili ule wa zamani, usajili ule wa umma kwenye seva, kisha:

```
git clone ANWANI_YA_REPO ~/mipangilio
cd ~/mipangilio
stow bash vim git
```

Ukihamia Mac, kumbuka kwamba tangu Catalina ya 2019 sheli yake ya kawaida (programu inayopokea amri zako) ni zsh, ambayo haisomi `.bashrc`. Mimi vifupisho nimeviweka kwenye faili ya `.vifupisho`, na `.bashrc` na `.zshrc` zote zinaisoma hiyo.

Kuanzia hapo, kila unapohariri `~/.bashrc` unahariri faili iliyo kwenye repo. Kabla ya kufunga kazi, ingia `~/mipangilio` na uandike `git status`.