Mtoto kazaliwa nje, mzazi ni Mtanzania: somo la uraia na pasipoti

Mbukwenyi wanachama. Somo hili nililiahidi tangu msimu wa zabibu, kazi za steshenari zikanizidi. Linawahusu wenye mtoto aliyezaliwa Nairobi, Muscat, Lubumbashi au kokote nje, ambaye baba au mama yake ni Mtanzania. Sasa mtoto yuko hapa Dodoma na hana hata karatasi moja ya Kitanzania.

Tuanze na linalowachanganya wengi. Mtoto wa namna hii huwa haombi uraia, anao tangu siku aliyozaliwa. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 kinampa uraia wa kurithi kupitia baba au mama, yeyote kati yao. Uhamiaji unakwenda kuthibitisha tu. Ila kuthibitisha huko ndiko kunakotoa watu jasho, kwa sababu karatasi ya mtoto lazima ishikane na ya mzazi, na ya mzazi ishikane na ya babu au bibi.

Hatua ya 1: Mzazi ni raia wa aina gani?

Kuna raia wa kuzaliwa (kazaliwa hapa nchini), wa kurithi (kazaliwa nje, mzazi ni raia) na wa tajnisi (mgeni aliyeomba uraia akapewa). Mzazi akiwa wa kuzaliwa au wa tajnisi siku mtoto anazaliwa, mko salama. Mtego uko kwa wa kurithi. Tuseme baba naye alizaliwa Mombasa kwa wazazi Watanzania, kisha akamzaa mtoto hukohuko Mombasa. Baba ni raia, lakini hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje. Labda mama awe raia wa kuzaliwa, hapo mtoto anapitia kwa mama. Ulizeni bibi na babu mapema.

Hatua ya 2: Cheti cha mtoto

Tumia cheti cha nchi alikozaliwa. RITA wanasajili vizazi vilivyotokea huku kwetu, hivyo mtoto wa Lubumbashi hana cheti cha kuchukua kwao. Nasisitiza kwa sababu vishoka wa mjini wana "njia ya mkato": wanakutengenezea cheti kwamba mtoto kazaliwa Kongwa au Mpwapwa. Mama mmoja alikuja kwangu na cha hivyo, katoa hela nzuri tu. Nikamwambia, mwanao ni raia halali na wewe umempa karatasi ya kughushi, kesho akibanwa atajitetea vipi? Aliondoka amenuna.

Cheti kikiwa cha Kifaransa, Kiarabu au Kireno, kitafsiriwe rasmi. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanatafsiri na kuthibitisha. Usimpe kijana wa chuo anayejua Kifaransa kidogo.

Hatua ya 3: Karatasi za mzazi, na majina

Beba cheti cha kuzaliwa cha mzazi, kitambulisho chake cha NIDA, pasipoti yake kama anayo, na cheti cha kuzaliwa au kiapo cha kuzaliwa cha babu au bibi. Cheti cha ndoa kama kipo, na barua ya mtendaji wa mtaa. Kila kitu na kopi yake.

Halafu kaa chini na miwani yako usome majina herufi kwa herufi. Mimi ni shangazi wa mtoto aliyezaliwa Lubumbashi. Kaka yangu alikuwa dereva wa malori ya Tunduma hadi Kasumbalesa, akaoa huko. Tulifika dirishani na bahasha imejaa, tukajiona tumemaliza. Afisa akaweka cheti cha Kongo kulia, cha kaka kushoto, akapitisha kalamu polepole. Kushoto Ramadhani. Kulia Ramazani, maana Wakongo ndivyo wanavyoliandika. Akarudisha bahasha: "Huyu baba wa mtoto ni nani, na huyu uliyekuja naye ni nani?" Kaka alitaka kubisha, nikamvuta shati.

Tofauti ndogo kama hiyo hutibiwa kwa kiapo mbele ya wakili, kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Jina likiwa jingine kabisa, kiapo hakitoshi. Hapo kuna hati ya kubadili jina, inayosajiliwa. Msimsahihishe mtoto kwa kalamu juu ya cheti! Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Hatua ya 4: Fomu

Fomu ya pasipoti inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji. Unalipia shilingi 20,000 ya fomu kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), unaichapa, na 130,000 inafuata baadaye. Jumla 150,000 kwa pasipoti ya kawaida. Ukitajiwa zaidi ya hapo, omba kontroo namba. Hela ya serikali haipokelewi mkononi. Picha iwe ya sasa. Mtoto akiwa hana namba ya NIDA, inayofanya kazi ni ya mzazi. Ridhaa ya wazazi iandikwe na kusainiwa.

Hatua ya 5: Nenda na mtoto

Asubuhi, na awe amekula. Yeye ndiye mwombaji, lazima aonekane. Mkiulizwa maswali, jibuni mnachokijua. Baba akisema kwao ni Singida na mama akasema ni Manyoni, mtakaa hapo hadi adhuhuri.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo shangazi. Mume wangu ni Mkenya, watoto wawili nimewazalia Nairobi, wa tatu hapa Kondoa. Wote ni raia kweli kisheria?

Marahaba mwanangu. Wote. Wawili wa kurithi kupitia kwako, kama wewe ni wa kuzaliwa, na wa Kondoa ni raia wa kuzaliwa, huyo cheti chake kinatoka RITA. Mumeo ndiye hana njia fupi. Mke mgeni wa Mtanzania sheria imemwekea mlango wake, mume mgeni hana. Atafuata tajnisi ya kawaida, ambayo pamoja na mengine inadai miezi 12 mfululizo ya kuishi nchini kabla ya maombi, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo, jumla ya miaka 7. Mimi naona ni upendeleo wa wazi, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Binti yangu alizaliwa Marekani, ana pasipoti yao. Mwakani anatimiza 18. Anaweza kubaki nazo zote?

Hapana. Akiwa mtoto haina shida, lakini Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Akifika 18 anatakiwa achague. Akitaka wa huku, aukane ule na ale kiapo cha utii. Kaeni naye mzungumze sasa. Na wewe wa mume Mkenya hapo juu, hili linawahusu wanao pia: katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, sheria yetu ndiyo inayomtaka mtoto achague.

Baba alipata tajnisi, mdogo wangu alizaliwa Bujumbura kabla ya hapo. Ana miaka 14. Naye amerithi?

Hajarithi, kwa sababu siku anazaliwa baba hakuwa raia. Ila baba anaweza kumwombea tajnisi kwa Waziri akiwa bado hajafika 18. Msisubiri. Angezaliwa baada ya baba kupata tajnisi, hata kama ni Bujumbura, angekuwa raia moja kwa moja.

Dada yangu alifariki Muscat, mtoto tumemleta Nkuhungu. Uraia wake umekwisha na mama?

Pole sana. Haujaisha, kinachoangaliwa ni kama mama alikuwa raia siku mtoto anazaliwa. Tafuteni cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa cha marehemu na pasipoti yake ya zamani, msiitupe hata kama imekatwa kona. Bibi aende mwenyewe na vyeti vyake. Kuhusu nani anasaini kama mlezi, pitieni ustawi wa jamii au mahakamani kwanza.

Na yule wa Ramazani, ilikuwaje?

Tuliapa kwa wakili, tukarudi, wakapokea. Siku ya picha alikuwa ameng'oka meno mawili ya mbele, akakataa kufungua mdomo hata kusema jina lake. Kwenye pasipoti amefumba midomo kama mzee wa baraza.