Gari la zamani likigoma asubuhi ya mvua

Corolla yangu ya pointi (visahani viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa plagi) haina neno mpaka Kampala inyeshe. Nilinunua betri mbili bure kabla fundi mmoja wa Katwe hajaniambia ningoje usiku. Nawe fanya hivyo: gizani, washa injini, fungua boneti, tazama waya za plagi bila kuzigusa. Ukiona cheche za buluu zikirukaruka kama vimulimuli, umeme unavujia nje. Nunua seti nzima ya waya. Selotepu ni kujidanganya.

Zima, injini ipoe. Toa kifuniko cha distributa, kile kigawa umeme kwenye plagi, kipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha kigeuzegeuze juani. Kamstari keusi kembamba kama ka penseli ni ufa au njia umeme unakovujia. Tupa.

Pointi zilizochimbika wengine huzipiga msasa. Mimi nabadilisha, pamoja na kondensa, kale kakopo kanakopunguza cheche kwenye pointi. Zungusha injini mpaka pointi ziachane kabisa, upime mwanya wake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Zangu naweka milimita 0.45, zako fuata kitabu cha gari. Halafu kagua taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, maana ukigusa pointi nayo imehama.

Plagi chomoa moja moja, usije ukachanganya waya. Kurudisha, anza kukaza kwa vidole, spana baadaye.