SOMO: Namna ya kulinganisha ubora wa uundaji wa ndege ndogo kabla hujatoa pesa

Wakuu, salaam. Swali la "kati ya Cessna, Piper, Cirrus na Diamond nani anaunda ndege imara" limeulizwa sana, na majibu mengi ni ushabiki mtupu. Leo naweka hatua ninazofuata ninapoitwa kukagua ndege ya mtu anayetaka kununua. Nazungumzia ndege za injini moja ya pistoni, viti viwili hadi vinne. Wa jeti watusamehe.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane: jina lililoandikwa ubavuni halikuambii mengi. Kinachosema ni mwaka, kiwanda ilikotoka ndege yenyewe, malighafi, na hali ya sehemu ambazo macho hayafiki.

Hatua ya 1: Injini iweke pembeni

Mtu anasifia ndege kumbe anasifia injini, na aliyeunda injini siye aliyeunda ndege. Cessna 172S, Piper Archer na Diamond DA40 XLS zote zinabeba injini ya kampuni ya Lycoming, ya silinda nne yenye nguvu za farasi 180. Hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kinachomhusu mwenye kiwanda ni namna alivyoifunga. Fungua boneti, washa tochi, fuata bomba moja la mafuta kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Limeshikwa na vibano vyenye mpira, au linaning'inia na kusuguana na fremu? Nyaya zimepita mbali na ekzosi, au zimebanwa popote palipopatikana nafasi? Kwa ndege kuukuu uwe mwangalifu, kwani huenda fujo unayoiona ni ya mafundi waliopita baadaye na kiwanda hakihusiki.

Hatua ya 2: Jua imeundwa kwa kitu gani

Cessna, Piper na Beechcraft nyingi ni bati la aluminiamu na ribiti. Mooney nayo ni bati, ila sehemu wanapokaa watu imezungukwa na fremu ya mabomba ya chuma. Cirrus na Diamond ni faiba na gundi. Robin DR400 ya Ufaransa ni mbao na kitambaa, na msicheke, ikitunzwa mahali pakavu ni ndege ngumu kweli. Tecnam P2008 ya Italia imechanganya: kiwiliwili cha kaboni, mabawa ya bati.

Bati hulalamika mapema. Ribiti zinalegea, rangi inavimba, ufa unaanza mdogo. Gundi hukaa kimya: kiungo kinaweza kuachia ndani huku nje panameremeta. Isitoshe, faiba haipendi joto, ndiyo maana nyingi hupakwa rangi nyeupe. Diamond DA20 imewekewa kiashiria cha joto kwenye boriti (mhimili mkuu unaobeba bawa), katikati ya viti. Joto la muundo likizidi nyuzi 55 za Selsiasi, mwongozo unakataza kuruka hadi ipoe.

Hatua ya 3: Soma mwaka kabla ya jina

Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege zake za pistoni zenye injini moja mwaka 1986 kwa sababu ya kesi za fidia. Marekani ikapitisha sheria mwaka 1994 iliyoweka kikomo cha miaka 18 cha kumshtaki mtengenezaji wa ndege ndogo, na Cessna ikarudi kazini 1996 kwenye kiwanda kipya cha Independence, Kansas. Kwa mnunuzi, tofauti iko ndani ya mabawa. Zile za zamani, rangi ya kuzuia kutu kwa ndani ilikuwa nyongeza ya kulipia, na wengi hawakuilipia. Za baada ya 1996 hutoka kiwandani zimeshapakwa. Kwa hiyo 172 ya 1975 na 172 ya 2005 zichukulie kama ndege mbili tofauti.

Grumman American ni mfano mwingine. Ndege zake za bati zimeunganishwa kwa gundi, na zilipendwa kwa sababu bawa ni laini, halina vichwa vya ribiti. Lakini katikati ya miaka ya 1970 kiwanda kilitumia gundi ambayo haikudumu, na viungo vikaanza kuachia. Mtu akikuuzia ya miaka hiyo, anza na kingo za viungo.

Hatua ya 4: Kagua kwa macho na mikono

Hapa msikimbie. Simama kwenye ncha ya bawa, inama macho yawe sawa na bati, mwenzako amulike tochi kutoka upande wa pili. Mwanga unaopita chinichini utaonyesha kila bonde na kila mkunjo. Bawa la kulia na la kushoto yafanane. Mikunjo ya mshazari upande mmoja tu ina maana kuna mzigo uliwahi kuzidi, au kuna ajali imefichwa chini ya rangi.

Kisha ribiti. Iliyolegea hucheza kidogo ndani ya tundu lake, ikasaga aluminiamu kuwa unga mweusi. Upepo unauvuta unga ule kuelekea nyuma, unapata mchirizi kama wa moshi. Ribiti moja si habari. Mstari mzima juu ya boriti kuu ya bawa ni habari kubwa. Ukifuta kwa kitambaa na mchirizi ukarudi baada ya saa chache za kuruka, umepata jibu.

Angalia nafasi kati ya mlango na fremu, iwe sawa juu na chini. Chini ya bawa la Mooney tafuta madoa ya bluu: tangi lake ni bawa lenyewe lililozibwa kwa sila, na petroli ya ndege ya 100LL huacha bluu inapovuja. Kuziba upya ni kazi ndefu na ya gharama. Halafu omba paneli za pembeni za ndani zifunguliwe, maana sponji ya zamani ikinyonya maji hukaa imeyagandamiza mabomba ya chuma, na kutu inakula bila mtu kujua.

Kwa faiba, chukua sarafu ugongegonge juu ya viungo. Sauti kali ni nzuri, sauti butu ni ya kuuliza. Hiyo haichukui nafasi ya fundi mwenye vifaa, inakusaidia tu kujua umwonyeshe wapi.

Hatua ya 5: Soma maagizo ya lazima, kisha uliza chanzo

Mamlaka za usalama wa anga, FAA ya Marekani na EASA ya Ulaya, huweka wazi maagizo yote ya lazima ya kukagua au kurekebisha ndege, unayasoma bure. Watu huyahesabu: ndege hii ina mengi, basi ni mbovu. Hesabu hiyo haina maana, kwani ndege iliyoundwa kwa maelfu na kuruka miaka sitini lazima iwe na mengi. Uliza kila agizo limetokana na nini.

Aprili 2018 Piper Arrow ya chuo cha Embry-Riddle ilikatika bawa pale Daytona Beach, watu wawili wakafa. Ilikuwa imeruka zaidi ya saa 7,600, nyingi za mafunzo. Ufa ulianzia kwenye tundu la bolti ya boriti kuu, sehemu ya chini. FAA ikaagiza matundu hayo yapimwe kwa mkondo wa umeme kwenye ndege nyingi za ukoo wa PA-28, ambao Arrow ni mmoja wao. Huo ni uchovu wa metali uliotokana na matumizi: kutua na kupaa kutwa nzima.

Sasa linganisha na Cessna Corvalis. Ndege hii ya faiba ilibuniwa na kuundwa Bend, Oregon, na kampuni iliyoitwa Columbia. Cessna ikainunua mwaka 2007, kisha utengenezaji wa faiba ukahamishiwa Chihuahua, Mexico. Desemba 2010, kwenye safari ya majaribio ya ndege mpya kabisa, ngozi ya bawa iliachana na boriti ya mbele kwa urefu wa kama futi saba. Rubani alikuwa wa FAA na alitua salama. FAA ilieleza kuwa unyevu ndani ya kiwanda ulizuia gundi kukauka inavyotakiwa, na mwaka 2011 ikapendekeza faini ya dola milioni 2.4. Ramani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni chumba, hewa yake, na watu wanaosimamia gundi. Sasa wewe niambie "Corvalis ni imara" au "Corvalis ni mbovu" bila kunitajia namba ya uundaji!

Hatua ya 6: Ukomo wa maisha na vipuri

Hii ni fupi. Cirrus SR22 ina ukomo wa fremu wa saa 12,000 za kuruka, na parachuti yake, ile ya kuishusha ndege nzima, hubadilishwa kila baada ya miaka 10. Ingiza gharama hiyo kwenye bei. Mooney imefunga na kufungua uzalishaji mara kadhaa, kwa hiyo ulizia kipuri unachokihitaji kabla ya kulipa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, Cirrus wameweka parachuti kwa sababu hawaiamini fremu yao?*

Hapana mkuu. Parachuti ni ya rubani aliyepoteza mwelekeo, injini iliyozima juu ya misitu, kugongana angani. Fremu imepimwa kivyake. Tena kiti na sehemu ya chini vimeundwa kupokea kishindo cha kushuka na parachuti.

*Mkuu, vipi hizi ndege nyepesi za michezo? Ni za bei nafuu na zinaonekana nzuri.*

Nyingi hutengenezwa kwa viwango vya shirika la viwango la ASTM, ambapo kiwanda hujitangazia chenyewe kuwa kimetimiza. Viwanda makini vipo. Lakini Zodiac CH 601 XL zilivunjikia angani mara kadhaa, hadi mwaka 2009 NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, ikataka zizuiliwe kuruka, na baadaye zikahitaji kuimarishwa bawa. Kwa kundi hili, hatua ya 5 iwe ya kwanza.

*Mimi nataka kujiundia RV, ndege ya Van's inayouzwa vipandevipande, nyumbani. Somo hili linanihusu?*

Linakuhusu mara mbili, kwa sababu mwenye kiwanda ni wewe. Na kiti yenyewe (yaani "kit", seti ya vipande vya kuunganisha) ikague ikifika. Mwaka 2023 Van's ilikiri kuwa baadhi ya sehemu zilizotobolewa kwa leza zilikuwa zinapata nyufa kwenye matundu pale mjenzi anapoyabonyeza ili kichwa cha ribiti kilale sawa na bati. Desemba mwaka huo kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ukinunua kiti aliyoianza mtu mwingine, dai tarehe ya kila boksi.

*Bonanza ya mkia wa V je? Babu yangu anaapa hakuna iliyoundwa vizuri kama hiyo.*

Mzee hajakosea, Beechcraft walifanya kazi safi. Ila nyuso zinazocheza za mkia huo ni bati la magnesiamu, ambalo likianza kutu halirudi, na mbadala wake ni wa shida kupatikana. Shikamoo yake, lakini kagua mkia kwanza.

*Muuzaji amenikatalia kufungua vifuniko vya bawa, anasema rangi mpya itabanduka. Nifanyeje?*

Angalia skrubu za vifuniko. Rangi ikiwa imeziba mifereji yake, hakuna aliyezifungua tangu ipakwe. Kisha nenda kwenye daftari la matengenezo, utafute tarehe ya rangi na tarehe ya ukaguzi wa mwaka wa mwisho. Ukaguzi ukiwa umekuja baada ya rangi, basi ulifanyika kwenye karatasi. Mrudishie ufunguo wake.