Msimamizi wa foleni alipokula RAM kuliko mfanyakazi wake

Saa nne asubuhi duka moja la Kariakoo walinipigia: oda zinaingia, risiti hazitoki. Seva yao ni ya kukodi, RAM ya GB 1, programu ya PHP, hifadhidata iko mashine nyingine. Risiti hutolewa na mfanyakazi wa foleni, yaani mchakato wa nyuma unaoshughulikia kazi zilizopangwa foleni. Tayari walishataka kulipia seva kubwa. Nikawaambia wasubiri kwanza.

1. Pima.

`ps -eo pid,rss,args --sort=-rss | head`

Safu ya rss, yaani RAM ambayo kila mchakato umeshika, iko kwa kilobaiti. Usiijumlishe yote: kumbukumbu inayotumiwa na michakato kadhaa kwa pamoja huhesabiwa upya kwa kila mmoja, na jumla yaweza kuipita hata RAM yenyewe. Ukitaka hesabu ya haki, tumia smem usome PSS, ambayo hugawanya kumbukumbu ya pamoja kati ya wanaoitumia.

2. Tafuta marehemu.

`journalctl -k | grep -i "out of memory"`

RAM ikiisha, Linux huchagua mchakato wa kuua, na kwa kawaida huanza na mnene. Aliyeuawa hapa alikuwa PM2, programu ya kuchunga michakato na kuiinua ikianguka: msimamizi mwenyewe! Baadaye mfanyakazi wa foleni naye akaanguka, na hakuwepo wa kumwinua.

Sina ugomvi na PM2. Programu yako ikiwa ya Node.js (mfumo wa kuendesha JavaScript kwenye seva), baki nayo, uweke `max_memory_restart`, kikomo cha RAM ambacho ikikipita huwashwa upya. Ila yenyewe huendeshwa na Node.js, kwa hiyo hapa Node nzima ilipakiwa ili kumchunga mfanyakazi mmoja wa PHP. Ni kukodi Fuso ubebe kilo ya sukari. Supervisor, msimamizi mwingine wa aina hiyo, nayo huja na Python yake. Kwenye Ubuntu na Debian za sasa, systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, tayari ipo, mchakato namba 1.

3. Hamisha. Zima kwa `pm2 kill`, kisha andika `/etc/systemd/system/risiti.service`:

```
[Service]
User=duka
WorkingDirectory=/srv/duka
ExecStart=/usr/bin/php artisan queue:work --max-time=3600
Restart=always
RestartSec=5
MemoryHigh=150M
MemoryMax=200M

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Halafu `systemctl daemon-reload` na `systemctl enable --now risiti`.

Mfanyakazi akifika MemoryHigh hupunguzwa kasi. Akigonga MemoryMax na hakuna cha kuachia, huuawa yeye, si jirani yake. Namba zangu usizinakili. Angalia `systemctl show risiti -p MemoryCurrent` wakati wateja wamejaa, ndipo upange.

4. Jaribu. `systemctl kill -s KILL risiti`, hesabu hadi tano, kisha `systemctl status risiti`. Fanya mchana palipotulia, si jioni duka likifunga hesabu.