Maji ya barafu yanatokea wapi? Namna ya kupima kwa rangi ya biriani, kifuniko cha ndoo na chupa ya kamba

Mpwa wangu yuko kidato cha pili, Malindi. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti: "Mjomba, mwalimu anasema barafu za huko kwenu zinayeyuka. Sasa samaki si watafurahi? Maji si yanaongezeka?" Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaona swali lenyewe si la kuchekwa. Mimi ni baharia kwenye mashua ya watalii hapa Seward, Alaska, msimu wa tisa huu, na watu wazima wanaolipa nauli kuja kutazama barafu huniuliza mambo mepesi kuliko hilo.

Nilimjibu kwa vitendo, na wewe unaweza kufuata vitendo hivyohivyo. Nusu ya kwanza inafanyika jikoni popote ulipo. Nusu ya pili inataka mashua na bahari yenye barafuto, yaani mto wa barafu unaoteremka mlimani polepole kwa uzito wake. Kama huna barafuto, mdomo wa mto Sabaki wakati wa masika utakufaa kwa sehemu kubwa.

Jikoni

Siku moja kabla, koroga rangi ya biriani kwenye maji, iwe nzito, kisha gandisha kwenye friji. Kesho yake chukua mitungi miwili ya kioo ya lita moja. Mmoja tia maji matupu. Mwingine tia maji na vijiko viwili vya chakula vya chumvi, karibu gramu 35, ambayo ndiyo chumvi ya bahari ya kawaida. Acha yatulie, halafu weka kipande cha barafu ya rangi katika kila mtungi. Usikoroge, na usiruhusu mtoto aigonge meza.

Kwenye maji matupu utaona nyuzi za rangi zikishuka hadi chini, kwa kuwa maji ya baridi ni mazito. Kwenye maji ya chumvi rangi inabaki juu, imetandaa kama shuka. Maji yaliyotoka kwenye barafu hayana chumvi, na hata yakiwa baridi vipi ni mepesi kuliko bahari. Mpwa wangu aliapa kwamba barafu ya mtungi wa chumvi ndiyo ingeisha kwanza. Iliisha ya mwisho, maana ilikuwa imekaa ndani ya maji yake yenyewe ya baridi.

Ile shuka ndiyo jambo la kwanza kulielewa. Bahari ina mimea midogo sana inayoelea, na karibu kila kinacholiwa baharini, kuanzia uduvi hadi nyangumi, kinaishi kwa mimea hiyo. Mimea hiyo inataka jua, ambalo liko juu, na mbolea, yaani naitreti na nyinginezo, ambayo nyingi iko chini. Upepo ukivuma na kuikoroga bahari, viwili hivyo vinakutana. Maji matamu yakitanda juu, upepo unashindwa kuyachanganya. Mimea inamaliza mbolea iliyoko juu, kisha inakaa na njaa huku chakula kiko pima chache chini yake.

Sasa la pili, nalo ndilo ninalolipenda. Jaza mtungi nusu kwa maji yenye chumvi kidogo, kijiko kimoja kwa lita. Koroga maji mengine yenye chumvi nzito na rangi, uyavute kwa bomba la sindano (bila sindano), uchomeke mrija mdomoni mwake, ufikishe mrija sakafuni mwa mtungi na uyaachie taratibu. Yatakaa chini, rangi chini, weupe juu. Safisha bomba, vuta maji matamu, rudisha mrija chini kabisa, kisha bonyeza kwa nguvu ya wastani.

Maji matamu yanapanda mbio, na hayapandi peke yake. Yanaikokota rangi ya chini hadi juu.

Hivyo ndivyo inavyofanya barafuto iliyosimama baharini. Kiangazi uso wake unayeyuka, maji yanaingia kwenye nyufa, yanateremka hadi mwambani, yanapita chini ya barafu na kutokea kwenye kitako chake, mita nyingi chini ya usawa wa bahari. Kwenye barafuto kubwa za Greenland ni mamia ya mita. Yakitoka hapo yanapanda, na njiani yanakokota maji ya kilindini mara nyingi ya ujazo wake, pamoja na mbolea. Barafuto iliyokwisha kurudi nyuma ikaacha bahari inamwaga maji yake kwa mto, juu juu, nawe unabaki na ile shuka tu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha ulinganisho wa fyodi mbili za Greenland, yaani ghuba nyembamba zilizochongwa na barafu: moja karibu na Nuuk ambayo barafuto zake zinagusa bahari, na nyingine ya kaskazini mashariki, Young Sound, ambayo barafuto zake zimeishia nchi kavu. Ile ya kwanza ilikuwa na uzalishaji wa mimea midogo mkubwa zaidi kwa mbali, na huendelea hata katikati ya kiangazi.

Kwa hiyo jibu la mpwa wangu linategemea maji yanatokea wapi. Hapa nje tunalipima hivi.

Baharini

Chukua kifuniko cha ndoo ya rangi, upana wa sentimita 20 hadi 30. Kigawe robo nne, upake mbili nyeusi na mbili nyeupe. Toboa katikati, pitisha kamba, funga chubwi chini yake. Kamba itiwe mafundo kila nusu mita. Kifaa hiki kina jina la padre wa Kiitalia, Angelo Secchi, aliyekijaribu mwaka 1865 akiwa kwenye meli ya Papa. Funga fundo lako ukiwa nyumbani, mikono ikiwa na joto. Mimi nilifunga langu mashuani, vidole vimekufa ganzi, na kifuniko changu cha kwanza kiko sakafuni mwa ghuba ya Aialik Bay mpaka leo.

Teremsha upande wenye kivuli cha mashua, bila miwani ya jua, hadi kitoweke. Soma kamba. Vuta mpaka kionekane tena, soma tena. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndiyo jibu. Karibu na barafu changu hutoweka kabla ya mita moja. Mdomoni mwa ghuba kinafika mita saba au nane siku nzuri.

Kinachofunika ni unga wa mwamba. Barafuto inasaga jiwe hadi linakuwa laini kuliko unga wa sembe, na maji yanakuwa ya kijivu cha maziwa. Unga huo unazuia jua, unafukia kome na mwani mkubwa wa mawe. Watu wa Malindi hawahitaji kuelezwa: Sabaki ikifurika na bahari ikageuka rangi ya chai, mnajua matumbawe yanavyoteseka. Ila unga huu una madini ya chuma pia, nayo maji ya mbali ya Ghuba ya Alaska yana uhaba wa chuma. Ukifika huko nje, mimea inaufurahia. Mtu akikwambia ni balaa tupu au ni neema tupu, muulize alipima wapi.

Kipimo cha pili ni chumvi. Tumia refraktomita ya mkono, ile ya wafugaji wa samaki: matone mawili kwenye kioo, elekeza kwenye mwanga, soma. Pima maji ya juu, kisha maji ya pima tatu chini. Ya chini unayapata kwa chupa ya kioo iliyofungwa jiwe, na kizibo chenye kamba yake ya pekee, usikikaze sana. Ikifika kina chake, tikisa kamba ya kizibo kwa nguvu, ngoja mapovu yaishe, vuta.

Hapa ndipo vipimo vinaanza kuzungumza. Bahari ya wazi ya hapa ina chumvi ya takriban 32, yaani gramu 32 kwa kila kilo ya maji. Ukikuta maji ya kijivu, juu chumvi ni 15 na chini ni 30, hiyo ni shuka, na maji hayo yametoka kwenye mto wa nchi kavu. Ukikuta maji machafu ya kijivu yanachemka mbele ya ukuta wa barafu lakini yana chumvi ya kutosha, hayo yametoka chini, na yamekokota kilindi. Uchafu ni uleule kwa macho, habari ni tofauti kabisa.

Kabla hujatoa hata kifaa, tazama shakwe. Wakiwa wamejaa mahali pamoja mbele ya barafu, wanapiga mbizi na kugombana, maji yanapanda hapo, yamewaletea uduvi waliopigwa bumbuwazi. Nahodha wetu anaiamini ishara hii kuliko refraktomita yangu, na sijapata sababu ya kubishana naye.

Usisogee, lakini. Kaa nusu maili kutoka ukutani. Kipande kikianguka wimbi lake halikuulizi una safari ngapi. Na sili, mamalia wa baharini, wapewe yadi 500. Mei na Juni wanazaa juu ya vipande vya barafu vinavyoelea, na mashua ikiwatisha, mtoto anaangukia maji ya baridi.

Zima injini. Tumbukiza kasia majini, weka sikio kwenye mpini, kama wazee wanavyosikiliza samaki. Utasikia kitu kama kitunguu kinachotupwa kwenye mafuta ya moto. Ni hewa ya zamani iliyobanwa ndani ya barafu, inapasuka. Wataalamu wanadhani kelele hiyo inawasaidia sili kujificha wasisikiwe na orka, nyangumi wanaowawinda. Barafuto ikihamia nchi kavu, sili anapoteza kitanda na pazia kwa pamoja.

Na inahama. Glacier Bay, kusini mashariki mwa Alaska, mwaka 1794 msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulikuta ukuta wa barafu karibu na mahali ambapo leo ni mdomo wa ghuba. Kufikia 1916 barafu kuu ilikuwa imerudi nyuma maili 60, karibu kilomita 100. Vijito vipya vilizaliwa humo na samoni wakaviingia, kwa hiyo kuna walionufaika. Lakini maji ya barafu yanapunguza pia uwezo wa bahari kuhimili asidi, na konokono wadogo wanaoelea, chakula cha samoni wa waridi, wanapata taabu kujenga magamba.

Andika kila kitu papo hapo kwa penseli, wino unaganda. Tarehe, saa, maji kujaa au kupwa, bamvua au maji mafu, kina cha kifuniko, chumvi ya juu, chumvi ya chini, shakwe wako wapi. Usipoandika kama maji yalikuwa yanapwa, kipimo chako hakilinganishwi na cha wiki ijayo.

Mpwa wangu hakungoja barafu. Jumamosi alikwenda na babu yake mdomo wa Sabaki na kifuniko cha ndoo. Amenitumia picha ya daftari: maji yanapwa, kifuniko kimetoweka kabla kamba haijafika kiwikoni. Pale penye chumvi, babu ameandika kwa mkono wake: "Nimeonja. Haba."