Jinsi ya Kuomba Kibali cha Bwawa la Udongo la Umwagiliaji Nchini Kenya

Ukitaka kuziba kijito au korongo la msimu kwa tuta la udongo ili umwagilie shamba, utahitaji karatasi tatu, nazo hazitoki siku moja. Ya kwanza ni leseni ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira. Ya pili ni idhini ya kujenga kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, yaani WRA. Ya tatu ni kibali cha kutumia maji, ambacho WRA hutoa baada ya ujenzi kukaguliwa. Wakulima wengi hudhani ya pili ndiyo ya tatu. Wanapata idhini, wanaleta tingatinga, mvua ya kwanza inajaza silanga, pampu inaungwa, na faili inabaki nusu kule ofisini.

Utaratibu huu una sababu yake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, tuta la bwawa la shamba lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa, watoto wakiwemo. Bwawa la udongo likianza kupasuka halikupi nafasi ya kurekebisha. Kwa hiyo kila hatua iliyo hapa chini naiona kama ulinzi wa watu wanaolala upande wa chini wa tuta lako, nawe fanya hivyo.

Kwanza jua kama unahitaji kibali

Sheria ya Maji ya 2016 haidai kibali kwa hifadhi ya maji ambayo si sehemu ya mkondo. Kidimbwi ulichochimba shambani kukusanya maji ya paa au ya barabara, ukakitandika karatasi ya plastiki, hakiko kundi moja na tuta linalokatiza kijito. Ukishagusa mkondo, hata ule unaokauka miezi minane kwa mwaka, umeingia kwenye vibali. Usijiamulie mwenyewe, peleka alama za GPS za mahali hapo katika ofisi ya WRA iliyo karibu. Nchi imegawanywa katika mabonde sita: Athi, Tana, Bonde la Ufa, Ziwa Victoria Kaskazini, Ziwa Victoria Kusini na Ewaso Ng'iro Kaskazini. Shamba huhudumiwa na ofisi ya bonde ambamo maji yake hutiririkia, si lazima iwe ya kaunti yako.

Hapo utakutana na herufi zinazochanganya watu. Maombi ya maji hupangwa A hadi D kulingana na athari kwa rasilimali ya maji. Mabwawa nayo yana madaraja yake, A hadi C, kulingana na hatari. Kwa vipimo ambavyo wahandisi wamezoea kuvitumia tangu kanuni za maji za 2007, daraja A ni bwawa lenye kina chini ya mita 5 na ujazo chini ya mita za ujazo 100,000. B hufika karibu mita 15 na mita za ujazo 1,000,000. Linalozidi hapo ni C. Afisa akikwambia "hili ni B", muulize anasema maombi au bwawa.

Zungumza na walio chini yako kabla ya fundi

Nenda kwa chama cha watumiaji maji wa mto wenu, ile WRUA. Maoni yake huwekwa kwenye faili, na pingamizi likitoka huko kazi yako yote husimama. Lakini usiende kwa ajili ya sahihi tu. Pale Laikipia, maji ya Burguret na Naro Moru huingia Ewaso Ng'iro na kwenda hadi kwa wafugaji wa Samburu na Isiolo. Anayeziba juu wakati wa kiangazi anakausha birika la ng'ombe wa mtu asiyemjua. Waeleze wanachama kwamba utahifadhi maji ya mafuriko, na kwamba bomba la chini, lile linalopita chini ya tuta, litaendelea kuachia maji ya mto. Kisha uandike hivyo kwenye ombi, maana utashikiliwa kwa maneno hayo.

Ikiwa maji yatarudi nyuma na kufunika kipande cha jirani, au mfereji utapita kwake, pata makubaliano ya maandishi sasa, mkiwa bado mnasalimiana vizuri. Ombi liwe na nakala ya hatimiliki au mkataba wa kukodi. Kikundi kiwe na cheti cha usajili na muhtasari wa mkutano ulioidhinisha mradi.

Kokotoa kiasi cha maji

Maombi mengi hurudishwa kwa sababu ya hesabu. WRA humtaka mwenye kumwagilia awe na hifadhi ya siku 90, ili kiangazi kikija aache mto upumue. Tuseme shamba lako linatumia mita za ujazo 60 kwa siku. Mara 90 ni 5,400. Bado hujalipa jua: ukichukulia milimita 5 zinakauka kila siku, ndani ya siku 90 uso wa bwawa hushuka sentimita 45, na bwawa la mita za mraba 3,000 hupoteza mita za ujazo 1,350. Umefika 6,750, na hujahesabu maji yanayopenya ardhini wala tope litakalojaa chini mwaka baada ya mwaka. Mkulima aliyeomba 5,400 atakauka mwezi wa tatu, aanze kuchota mtoni kinyume cha kibali chake mwenyewe.

Mtaalamu na michoro

Ripoti ya maji na michoro huandaliwa na mtaalamu wa rasilimali za maji mwenye leseni. Mdai akuoneshe leseni hiyo. Akileta michoro, usiipeleke kabla hujamuuliza mambo manne, hata kama hukusoma uhandisi.

Njia ya maji ya ziada iko wapi, na ina upana gani? Hii ndiyo roho ya bwawa. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, yanalikata kama kisu kwenye siagi. Ikiwa njia hiyo imechorwa juu ya udongo uliojazwa badala ya ardhi asilia ya ukingoni, mrudishe akaifikirie upya.

Udongo wa mfinyanzi wa kiini cha tuta utatoka wapi, na umepimwa? Mtaro wa msingi utachimbwa hadi kwenye tabaka lisilopitisha maji? Na bomba la kutolea maji litazuiwaje lisivujishe kando yake? Nimeona tuta ambalo bomba lilipitishwa baada ya kujengwa, kwa kuchimba na kufukia. Maji yalifuata bomba hilo kama mchwa afuatavyo ufa, na msimu wa pili tuta likabomolewa likaanza upya.

NEMA, kisha WRA

Ripoti ya mazingira huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Ukubwa wa bwawa ndio unaoamua kama itakuwa ripoti fupi au utafiti kamili. Ukiwa na leseni hiyo, jaza fomu ya maombi ya kibali cha maji. Ambatisha kitambulisho, PIN ya KRA, hati ya ardhi, maoni ya WRUA, ripoti ya maji, michoro na ramani, kisha ulipe ada na utunze risiti. Maombi yenye athari hutangazwa ili wananchi watoe pingamizi. Likija, lijibu kwa maandishi na kwa hoja.

Ukipata idhini ya kujenga, soma masharti yake na tarehe ya mwisho. Mwite mtaalamu wakati wa kushindilia udongo, kwa kuwa tabaka la sentimita 15 hadi 20 ndilo hushikana. Tingatinga likimwaga nusu mita kwa mara moja, juu patakuwa pagumu na chini sponji.

Usijaze bado

Kazi ikiisha, mtaalamu hujaza cheti cha kukamilika, nawe unaijulisha WRA ije kukagua. Yatazamwe mambo matatu: njia ya maji ya ziada, bomba la chini na mita ya maji. Kujaza kwa mara ya kwanza kuwe polepole, mtu akitembea chini ya tuta kila siku kutafuta unyevu. Maji safi yakijitokeza, yawekee alama na umwite mhandisi. Yakiwa na rangi ya udongo, fungua bomba, punguza kina, na uwaondoe watu walio bondeni kabla ya kupiga simu nyingine yoyote.

Ukaguzi ukipita ndipo kibali hutolewa. Kina kiasi cha maji kwa siku, masharti na tarehe ya kumalizika. Soma mita na ulipe ada za matumizi kwa wakati, na uombe upya mapema kabla muda haujaisha. Ng'oa miti inayoota juu ya tuta, kwa sababu mizizi ikioza huacha njia za maji. Kibali hufungamana na ardhi iliyoandikwa ndani yake. Ukiuza shamba, au mkigawana urithi, mjulishe afisa wa WRA kwa maandishi ili jina la mwenye dhamana ya tuta libadilishwe.