Kukuza Fuwele za Protini katika Maabara ya Shule Mkoani Kigoma

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake fuwele za protini aanze na lisozaimu, kimeng'enya kilichomo katika ute mweupe wa yai la kuku, ambacho huunda fuwele kwa wepesi kuliko protini nyingi na ndicho kimeng'enya cha kwanza ambacho umbo lake lilibainishwa kwa eksirei, mwaka 1965, na kundi la David Phillips jijini London. Wenyeji wa Kigoma wanajua jinsi chumvi ya Uvinza inavyobaki maji ya chemchemi yanapokauka. Kanuni hapa ni ileile, ila protini haistahimili joto wala haraka ya namna hiyo.

Andaa bafa (myeyusho unaozuia kiwango cha asidi kubadilika) ya sodiamu asetati yenye pH 4.5, kisha yeyusha ndani yake lisozaimu miligramu 50 kwa kila mililita. Katika kisima kidogo cha sahani ya maabara weka bafa hiyohiyo yenye chumvi safi asilimia 6. Chumvi ya mezani haifai, kwa kuwa ina madini joto na viongezwa vingine. Changanya mikrolita 2 za protini na mikrolita 2 za myeyusho wa chumvi ulio katika kisima hicho cha sahani juu ya kioo chembamba, paka vaselini kuzunguka mdomo wa kisima, kisha geuza kioo taratibu ili tone lining'inie ndani bila kugusa ukuta. Kwa kuwa tone lina nusu tu ya chumvi iliyomo kisimani, maji yake yatahama polepole kama mvuke, na protini itakolea hadi kupita kiwango kinachoweza kubaki kimeyeyuka.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Viini vya fuwele, yaani chembe ndogo ambazo fuwele huanzia, huzaliwa mkoleo ukiwa juu sana, lakini fuwele nzuri hukua mkoleo ukiwa umeshuka kidogo. Ukiona tone limejaa sindano au vumbi jeupe, viini vimezaliwa vingi mno na vinagombania protini ileile: punguza chumvi hadi asilimia 5 au 4. Tone likibaki angavu kwa siku kadhaa, ongeza chumvi kidogo au lipunguzie joto.

Joto linastahili uangalifu wa pekee, kwani lisozaimu katika chumvi huyeyuka zaidi kadiri joto linavyopanda, na joto likizidi nyuzi 25 inaweza kutoa fuwele za umbo tofauti na lile la kawaida. Chini ya paa la bati mchana wa Kigoma kipimo hicho hupitwa kwa urahisi. Nashauri sahani iwekwe ndani ya kasha zito la kutunzia ubaridi, kama yale ya kubebea samaki, pamoja na chupa kadhaa za maji yenye nyuzi 20 hivi, ambazo huzuia joto kupanda na kushuka ghafla. Kasha lisikae meza moja na jokofu au jenereta, maana mtikisiko huzalisha viini visivyotakiwa.

Fuwele zikionekana kwenye hadubini, hakikisha si chumvi. Gusa moja kwa ncha ya sindano: ya chumvi ni ngumu na huvunjika kwa mlio mdogo, ilhali ya protini, ambayo karibu nusu yake ni maji, hupondeka kwa ulaini. Usiliache tone wazi wakati wa jaribio hilo, kwa sababu fuwele ikikauka hupasuka.